Karuseli ya makocha ni nini, na kwa nini kocha wa chuo kidogo akishinda tu anaondoka

Ukifuatilia basketi ya vyuo Marekani, kila mwezi wa tatu utakuta watu wanagombana kuhusu kocha ambaye timu yake ndogo imewapiga wakubwa, halafu hata jasho halijakauka ashasaini chuo kingine. Wengine msaliti, wengine aah hata mimi ningeenda. Hii kitu ina jina, wanaita karuseli ya makocha (karuseli ni ile bembea ya watoto inayozunguka), yaani kiti kimoja kikibaki wazi huko juu basi chini yake wanahama watu watatu wanne mfululizo, kila mmoja anaziba pengo la mwenzake na kuacha lake.

Kwanza ujue vyuo vya Divisheni ya Kwanza ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, viko zaidi ya 360, na havilingani hata kidogo. Juu kuna konfarensi (makundi ya vyuo vinavyocheza ligi pamoja) zenye hela za TV kama Big Ten, SEC, Big East na kadhalika. Chini kuna hao wanaoitwa mid-meja, bajeti ya kubana, uwanja mdogo, kusafiri kwa basi. Ila mwezi wa tatu timu 68 zinaingia mashindano mamoja ya mtoano, ukifungwa mechi moja umeenda nyumbani, na hapo ndipo mdogo anapata nafasi ya kuonekana na nchi nzima.

Mfano ambao naupenda ni Saint Peter's, kachuo ka Jersey City, mwaka 2022. Walipangwa namba 15 kwenye kanda yao yenye timu 16, wakaanza na kigogo Kentucky wakawatoa 85-79 kwenye muda wa nyongeza, wakawatoa Murray State, wakawatoa Purdue 67-64, wakafika nane bora, na kabla yao hakuna timu iliyopangwa namba 15 iliyowahi kufika hapo. Kocha alikuwa Shaheen Holloway.

Sasa angalia upande wa pili wakati hayo yanatokea. Maryland walikuwa hawana kocha wa kudumu tangu Desemba, na tarehe 21 Machi wakamchukua Kevin Willard wa Seton Hall. Seton Hall nayo iko New Jersey hukohuko, na Holloway alicheza pale, tena aliwahi kuwa msaidizi wa Willard palepale. Kwa hiyo siku Saint Peter's wanaingia uwanjani na Purdue, tarehe 25, kila mtu alikuwa anajua kiti gani kinamsubiri huyu jamaa, waandishi wanamuuliza, wachezaji wanasoma kwenye simu. Tarehe 27 wakafungwa na North Carolina, tarehe 30 Holloway akatangazwa Seton Hall. Siku tatu! Saint Peter's wakamchukua Bashir Mason kutoka Wagner, Wagner nao wakamleta Donald Copeland ambaye alikuwa kocha msaidizi Seton Hall. Unaona ilivyozunguka.

Kwa nini hakubaki? Watu wanadhani ni mshahara peke yake, mshahara upo ndiyo, lakini kuna kitu kingine. Hela ya kushinda mechi za NCAA haiendi moja kwa moja kwa chuo kilichoshinda, inaenda kwenye konfarensi, inalipwa kidogo kidogo kwa miaka 6 na konfarensi ndiyo inaamua igawanywe vipi kwa wanachama. Kwa hiyo hata ukimfunga Kentucky, hela ya kukubakiza pale haiji kesho asubuhi. Na thamani yako sokoni iko juu wiki ile ile, mwakani ukimaliza katikati ya msimamo simu haiiti tena.

Wanaoumia zaidi kwa maoni yangu sio mashabiki. Mwaka 2021 mchezaji aliruhusiwa kuhama chuo mara ya kwanza bila kukaa nje msimu mzima, anaingiza jina kwenye transfa potali, yaani orodha ya mtandaoni ya wanaotaka kuhama, basi. Holloway alipotoka timu ile ikasambaratika, KC Ndefo akamfuata Seton Hall, Doug Edert yule mwenye masharubu akaenda Bryant, Daryl Banks akaenda St. Bonaventure, wale mapacha wa Mali, Hassan na Fousseyni Drame, wakaenda La Salle. Yaani kocha mpya anarithi jezi na historia, watu hana.

Chuo kidogo kina kinga moja, kipengele cha mkataba kinachoitwa baiauti, kwamba ukivunja mkataba kabla ya muda unalipa kiasi fulani, na kawaida anayelipa ni chuo kinachokuchukua. Kocha Shaka Smart alipotoka VCU, chuo cha mji wa Richmond, kwenda Texas mwaka 2015 ilikuwa dola 500,000 pamoja na mechi za nyumbani na ugenini, ndiyo maana baadaye Texas wakaenda kucheza Richmond na VCU wakaenda Austin, kwao Texas. Kwa chuo kidogo mechi ya hivyo nyumbani ni dili kuliko hundi, maana wakubwa huwa hawataki kabisa kuja kwako. Ila baiauti haimzuii mtu, inachelewesha tu na kulipia kidogo msiba.

Wapo wanaogoma. Mark Few yuko Gonzaga tangu 1999 kama kocha mkuu, ameshafika fainali mbili. Lakini wengi ni kama Dan Hurley: Wagner, halafu Rhode Island, halafu 2018 UConn (ndiyo, chuo cha Hasheem Thabeet wetu), na pale akabeba ubingwa 2023 na 2024. Na alipotoka Wagner 2012 aliyepewa timu alikuwa msaidizi wake, huyohuyo Bashir Mason.

Na usidhani ukishafika konfarensi kubwa umetulia. 2025 Willard huyohuyo aliondoka Maryland siku chache tu baada ya kutolewa kumi na sita bora, akaenda Villanova. Maryland wakamchukua Buzz Williams wa Texas A&M, Texas A&M wakamchukua Bucky McMillan wa Samford, Samford wakamchukua Lennie Acuff wa Lipscomb, na Lipscomb hawakwenda kwa jirani yeyote, wakampandisha msaidizi aliyekuwepo benchi. Karuseli ikasimama hapo, kwa mwaka ule.