Fistula ya Uzazi na Daktari J. Marion Sims: Maswali na Majibu

Fistula ya uzazi ni nini?

Ni tundu linalotokea kati ya kibofu cha mkojo na uke, au kati ya uke na njia ya haja kubwa, baada ya mtoto kukwama wakati wa uchungu. Kichwa chake hubana nyama laini kwenye mfupa wa nyonga hadi damu ishindwe kupita. Nyama hiyo hufa, ikaachia tundu linalovujisha mkojo au kinyesi usiku na mchana.

Sims alikuwa nani?

Alikuwa mpasuaji wa Marekani, mzaliwa wa South Carolina mwaka 1813. Kati ya 1845 na 1849, huko Montgomery, Alabama, alijaribu kuziba fistula kwa kuwapasua wajakazi weusi, ambao kwa sheria za wakati ule walikuwa mali ya mabwana zao na hawakuwa na uwezo wa kukataa.

Wanawake hao ni akina nani?

Majina matatu tu ndiyo yaliyobaki: Anarcha, Betsey na Lucy, nayo yanastahili kutajwa kabla ya sifa zozote za daktari. Anarcha, msichana wa miaka kama 17 aliyekaa na uchungu siku tatu, alipasuliwa takriban mara 30 bila nusukaputi. Lucy alikaribia kufa kwa sababu ya kipande cha sponji alichowekewa ili kunyonya mkojo. Madaktari wasaidizi walipochoka na kuondoka, wanawake wenyewe ndio walioshikana wakati wa upasuaji na kuuguzana baada yake.

Sims alifanikiwaje?

Aliacha nyuzi za hariri, ambazo vidonda vyake vilikuwa vikiingia usaha, akashona kwa waya mwembamba wa fedha. Mwaka 1852 alichapisha njia hiyo, na mwaka 1855 hospitali ya wanawake aliyoianzisha ikafunguliwa New York. Kwa sababu ya majaribio hayo kwa wajakazi, sanamu yake iliondolewa katika bustani ya Central Park, New York, mwaka 2018.

Je, leo fistula inatibika?

Ndiyo, kwa upasuaji unaofanywa mgonjwa akiwa amepewa ganzi au nusukaputi; hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam ni mojawapo ya zinazotoa huduma hiyo. Tundu dogo likigunduliwa mapema huweza kuziba lenyewe mama akiwekewa mpira wa mkojo kwa wiki kadhaa, kwa hiyo anayevuja mkojo baada ya kujifungua asingoje. Aliyepona akishika mimba tena, aanze kliniki mapema na aeleze kwamba aliwahi kushonwa fistula, kwa kuwa mara nyingi atashauriwa kujifungua kwa upasuaji.