Klabu ya makasia na ndoano: yanayosemwa na yaliyopo

Ukitaka kujiunga na klabu ya kupiga makasia, kuvua kwa ndoano na kuhifadhi maji hapa Dodoma, utasikia mengi; haya hapa, na majibu yake.

"Dodoma kukavu hivi, makasia ya nini?" Ni kweli mito yetu mingi hubaki mchanga mtupu kiangazi kizima. Lakini mpakani mwa Dodoma na Iringa lipo Bwawa la Mtera, linalopokea mito ya Ruaha Mkuu na Kisigo kabla maji hayajashuka kuendesha mitambo ya umeme ya Kidatu. Jirani na mjini kuna Hombolo, bwawa la mwaka 1957.

"Anayevua hawezi kuhifadhi." Hii ndiyo inayosumbua watu zaidi, na jibu analo perege mwenyewe. Dume huchimba kiota kwenye maji mafupi; jike hutaga hapo, kisha huyaokota mayai na kuyalea mdomoni hadi vifaranga waweze kujitegemea. Kokoro, yaani wavu wa kukokota, likiburuzwa huvuruga viota na kuzoa mama na watoto wake pamoja, ndiyo maana linapigwa vita. Ndoano ni jambo jingine: jike mwenye mayai mdomoni hula kidogo mno, basi chambo humpita. Na akinaswa samaki mdogo unaweza kumrudisha, mradi ulowanishe mikono kwanza usimbandue ute wa ngozi, na kijino cha ndoano uwe umekibana kwa koleo ili itoke bila kuchana.

"Tumwage vifaranga vya sato, bwawa litajaa." Nia njema, ila sato mgeni huzaana na perege wa asili, na mbegu ya asili ikapotea. Klabu inayojisifia ndoo za vifaranga bila kumuuliza ofisa uvuvi, mimi nisingejiunga nayo.

"Mvuvi ndiye mmaliza samaki." Mara nyingine ndiye. Lakini tangu miaka ya 1990 Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, na sababu kubwa ni maji yanayochepushwa huko juu, bonde la Usangu, kwa kilimo cha umwagiliaji. Kwa hiyo mwanachama atajikuta kwenye vikao vya jumuiya za watumia maji, au akikumbusha kuwa sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60 za ukingo ziachwe bila shughuli za kudumu. Si burudani hiyo, lakini ndiko kazi iliko.

"Kiboko anakula majani, hana neno." Ana neno sana. Usikatize kati yake na kina cha maji, na usiingie bila mvuvi mwenyeji anayejua wanakolala, wao na mamba.

"Maji maangavu hayana kichocho." Vijidudu vyake havionekani kwa macho, na hupenya ngozi nzima isiyo na jeraha. Ukishalowa maji yenye magugu na konokono, kapime.

Kuogelea je? Anayejua na asiyejua wote huvaa jaketi okozi. Leseni nayo usiidharau kwa kuwa unavua kwa kujifurahisha: uliza ofisi ya uvuvi ya halmashauri, kisha ujitambulishe kwa BMU, kikundi cha wenyeji kinachosimamia uvuvi mwaloni, kabla ya kushusha mtumbwi.