Je, wajua kwa nini mrehani hutiliwa maji kila siku na bado huungua?

Tazama chungu cha maua kilichowekwa ngazini kwenye nyumba ya kupanga, Majengo au Kisauni, Mombasa. Mdomoni pana mstari mweupe; ukiukwangua kwa ukucha, unatoka ungaunga. Mrehani wenyewe una ncha za majani zilizokauka rangi ya kahawia, na mwenyewe huapa hajakosa kuutilia maji hata jioni moja.

Mchawi ni hayo maji. Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya mawe ya matumbawe na bahari imekizunguka, kwa hiyo visima vingi hutoa maji ya chumvi, yale ambayo sabuni haifanyi povu. Maji matamu hutoka mbali: chemchemi za Mzima kule Tsavo, zaidi ya kilomita 200, na visima vya Baricho kando ya mto Sabaki. Bombani huja kwa zamu. Sasa nani atanunua mtungi wa mkokoteni aumwagie maua? Maua hupewa ya kisima.

Mti ulio ardhini, mvua huiteremsha chumvi ikaenda zake chini. Chungu hakina chini ya kwenda. Jua na upepo wa Kaskazi huyakausha maji, chumvi ikabaki, na kesho unaiongezea nyingine. Umepata kutengeneza kachumbari? Kitunguu kikinyunyizwa chumvi hulegea na kutoa maji. Udongo ukijaa chumvi, mizizi nayo hushindwa kuyavuta maji hata ikiwa imelowa. Mmea unaona kiu ndani ya tope, nawe ukiuona umenyauka unaongeza kikombe kingine cha kisima!

Kikombe kimojakimoja ndicho kibaya zaidi, maana hulowesha juu tu, hakisuuzi kitu. Heri umwagilie mara chache lakini mengi, mpaka yatiririke kwenye tundu, kisha uyamwage yaliyobaki kisahanini yasinywewe tena. Wenye kupanda kwenye ndoo za rangi, pasheni msumari moto mtoboe matundu kwanza. Mara mojamoja kisuuze chungu kwa maji matamu, kiasi cha mara mbili ya ujazo wake: chungu cha lita 5, nusu ya mtungi wa lita 20. Mwezi wa Mei mvua hufanya kazi hiyo bure, ila chungu kilicho chini ya dari hakipati hata tone. Kitoe nje, faida ya chungu si kubebeka?

Asumini ikigeuka njano huku mishipa ya majani imebaki kijani, wengi hukimbilia mbolea. Mara nyingi ni chokaa ya kisima imeuzuia mmea kupata madini ya chuma, na mbolea yenyewe huongeza chumvi. Anza kwa kusuuza. Na ukiwa unakaa ghorofani, mwambie jirani wa chini aanue nguo zake kwanza, maana maji yatokayo huko ni ya rangi ya chai.