Kisu butu ndo kinachokata vidole

Watu wengi majumbani wanaamini kisu cha mfukoni kikiwa butu ndo salama, eti hakiwezi kumkata mtu. Jamani, ni kinyume kabisa. Kisu kikali kinaingia chenyewe, wewe unakiongoza tu, ila butu unakikandamiza kwa nguvu zote, kinateleza juu ya ganda la chungwa halafu kinakuja kwenye kidole gumba na nguvu yote ile uliyoweka. Mke wangu aliumia hivyo hivyo, umeme umekatika, anakata kamba ya gunia la mkaa huku simu kaibana kidevuni imulike, na hilo nalo ni kosa, bora tochi ya kuvaa kichwani mikono yote ibaki huru.

Kinoe kwenye jiwe la kunolea, maji kidogo, ukilaze kwa pembe ya kama nyuzi 20 hivi na jiwe, pande zote mbili sawa. Kijaribu kwenye karatasi, sio kwenye kidole. Na kama ni cha kukunja hakikisha kina loki, kisicho na loki ukichomea ncha kwa nguvu kinaweza kujifunga na vidole vyako viko hapo hapo.