Siku 19 bila chakula: Acinetobacter na swichi za jeni zake

Chumba kile cha wodi kilifungwa siku 19 kwa ajili ya kutengeneza paa. Hakikuwa na mgonjwa, bomba lilikuwa limefungwa, na jua la mchana lilipiga kitandani moja kwa moja. Siku moja kabla ya kufunguliwa niliombwa nipime usafi. Nikapitisha swabu yenye unyevu kwenye reli ya kitanda, nikaotesha. Kesho yake sahani ya MacConkey, yenye lishe ya kuoteshea bakteria, ilikuwa na makoloni (vifundo vya bakteria) madogo, laini, yenye waridi iliyofifia. Nikahamishia kwenye sahani ya damu, kipimo cha oksidesi, kinachosaidia kutofautisha aina za bakteria, kikatoka hasi. Aliyekaa miaka kwenye maabara ya hospitali hapo ameshamjua mgeni wake kabla mashine haijathibitisha: bakteria aitwaye Acinetobacter baumannii.

Muuguzi mkuu wa wodi alipoona majibu aliniuliza, "Sasa mdogo wangu, hao wadudu walikuwa wanakula nini humo siku zote hizo?"

Swali hilo ni zuri kuliko mengi ninayoulizwa. Siku ile nilijibu haraka haraka, kwa hiyo leo nalijibu sawasawa.

Hawakuwa wanakula. Walikuwa wamebana matumizi. Utafiti mmoja wa mwaka 1998 uliwakausha bakteria wa aina hii juu ya vioo, na kwa wastani waliishi karibu siku 27. Bakteria huyu hana mkia wa kuogelea, kwa hiyo kutoka kitanda hadi kitanda anasafiri kwa mikono yetu na vifaa vyetu. Akishamfikia mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia, anaingia mapafuni. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani liliwaweka tena wale wasiosikia karbapenemu, kundi la antibiotiki zenye nguvu, kwenye daraja la juu kabisa la vimelea vinavyohitaji dawa mpya.

Tunapozungumzia usugu wa vimelea dhidi ya dawa, kwa kawaida tunauliza: bakteria huyu ana jeni gani? Mimi nadhani tunaishia nusu ya swali. Acinetobacter ana jeni zipatazo 3,700, na kuwa na jeni si sawa na kuitumia. Tangu 1961, François Jacob na Jacques Monod walipoeleza jijini Paris jinsi bakteria anavyozifungia jeni za kula sukari ya maziwa mpaka sukari yenyewe ipatikane, tunajua kwamba maisha ya bakteria yanategemea sana nini kimefunguliwa na nini kimefungwa, na saa ngapi.

Swichi ninayoipenda kuliko zote kwa Acinetobacter inaitwa BfmRS. Ni protini mbili. BfmS amekaa kwenye utando wa seli kama mlinzi wa getini, anahisi hali ya nje. BfmR yuko ndani, na kazi yake ni kushika DNA kwenye sehemu maalumu ili jeni fulani zisomwe zaidi au zipunguzwe. Taarifa kati yao hupita kwa kemikali ndogo ya fosfati: BfmR akiwa amebeba fosfati ana nguvu, akinyang'anywa anatulia. Mambo yanapokuwa shwari, mlinzi anamzuia mwenzake asipandishe kazi kupita kiasi. Hali ikichafuka, kizuizi kinalegea. Hapo zinaamka jeni za koti la sukari linaloizunguka seli, za vinyweleo vya kunatia kwenye plastiki na chuma, na za ule utelezi unaougusa ukipitisha kidole ndani ya tangi la maji la zamani. Ukimnyima BfmR, bakteria hawezi tena kuvumilia ukavu kama zamani. Kwa hiyo jibu la muuguzi wangu, sehemu yake kubwa, limo humo.

Lakini kilichoninyima usingizi ni jaribio lililochapishwa mwaka 2015 na watafiti wawili wa Boston, Geisinger na Isberg. Waliwapa bakteria hawa antibiotiki, kloramfenikoli au erithromaisini, kwa kiwango kidogo kisichoua. Wakaongeza koti. Kinga ya damu ikashindwa kuwaua kama awali, na kwa panya wakawa wakali zaidi. Dawa ilipoondolewa, koti likarudi kama lilivyokuwa. Hakuna jeni mpya iliyoingia, wala herufi ya DNA iliyobadilika. Dawa haikuwaua, iliwapa habari kwamba kuna vita, nao wakavaa. Kila ninapoona kwenye cheti cha mgonjwa dozi zilizorukwa kwa sababu dawa iliisha stoo, nawaza habari hiyo inayopelekwa.

Kuna na njaa ya madini. Chembe nyeupe za damu zinapofika kwenye maambukizi humwaga protini iitwayo kalprotektini, inayokwapua zinki ili bakteria aikose. Ndani ya Acinetobacter kuna kidhibiti kiitwacho Zur, ambacho kikiwa kimeshika zinki hukalia DNA na kufunga jeni za pampu ya kuvuta zinki. Zinki ikipungua, Zur anaachia na pampu zinajengwa. Ukosefu wenyewe ndio unaofungua mlango wa kuutatua, na mimi hapo huwa nasimama kidogo kwa mshangao, hata baada ya miaka yote hii. Chuma nacho kina msimamizi wake, Fur, anayefanya kazi kwa mtindo huohuo.

Swichi pia hukwama. Kolistini, dawa ya mwisho kwa wagonjwa wengi wa aina hii, ina chaji chanya na hunatia kwenye ngozi ya bakteria yenye chaji hasi. Swichi nyingine, PmrAB, ikiharibika kwa mabadiliko ya DNA na kubaki imewashwa, jeni ya pmrC haizimwi tena, ngozi inabadilishwa chaji, na dawa inakosa pa kushika. Huu ni usugu unaorithiwa, tofauti na koti la Boston. Ila tazama kilichobadilika: jeni ya pmrC alikuwa nayo siku zote. Kilichoharibika ni kidole kwenye swichi.

Sasa nirudi kwenye kazi yetu. Tunapopima dawa gani inafaa, tunamwotesha bakteria kwenye lishe ya Mueller-Hinton, joto la nyuzi 35, chakula tele, hakuna kinga ya mwili wala njaa ya zinki. Anayejibu pale ni bakteria aliyeshiba. Mwaka 2015 kundi jingine, la San Diego, lilionyesha kwamba azithromaisini, antibiotiki inayoonekana haina maana kwa Acinetobacter sugu kwenye lishe ya kawaida, ilimuua alipowekwa kwenye maji yanayofanana zaidi na ya mwilini, na ilisaidia panya wenye maambukizi ya mapafu. Sisemi tuvitupe vipimo vyetu. Vinaokoa watu kila wiki na mimi navisaini. Nasema mtu anayesoma karatasi ya majibu ajue ni bakteria wa hali gani aliyehojiwa. Na kwa kolistini, tafadhali, tusitumie visahani vya karatasi vilivyolowekwa dawa. Dawa hiyo haisambai vizuri kwenye agari, ile lishe iliyoganda ya sahani. Ipimwe kwenye mchuzi, yaani lishe ya majimaji.

Kuhusu reli ile, tuliiosha kwanza kwa sabuni na kuisugua, ndipo tukapaka klorini na kuiacha dakika zake. Uchafu huimaliza klorini kabla haijamgusa bakteria aliyejificha chini yake, na hatua ya sabuni ndiyo iliyokuwa inarukwa. Swabu ya pili haikuotesha kitu.

Wale wa swabu ya kwanza ninao bado. Nimedondoshea matone yao kwenye vipande vya chuma cha pua, nikavikausha, nikavifunga ndani ya kisanduku kabatini. Kila Jumatatu nachukua kipande kimoja naotesha. Jumatatu hii ilikuwa ya nne, na wameota.