Kificho cha mwanga: maana yake

Upepo ukivuma ziwani, simama Mwanza utazame nyuma ya Jiwe la Bismarck. Maji ya upande ule yametulia, na mawimbi yaliyopita kando yamevurugika. Hata asiyeliona jiwe atajua kuna kitu kimezuia. Kificho cha mwanga ni chombo cha kufuta ushahidi huo: kinalizungusha wimbi pembeni ya kitu, kisha kinalirudisha kwenye mpangilio wake upande wa pili. Kitu hakigeuki kuwa kama kioo cha dirisha, ila mwanga haukigusi.

Ugumu uko kwenye muda. Wimbi lililozunguka limepita njia ndefu kuliko jirani yake aliyenyooka, na bado vilele vyao lazima vifike sambamba. Hilo huwezekana kwa masafa finyu tu, yaani idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde. Mwaka 2006, Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, kilipunguza kivuli cha silinda ya shaba kwa pete 10 za vipande vya saketi, kwa mawimbi ya gigahezi 8.5 (mitetemo bilioni 8.5 kwa sekunde). Wimbi hilo lina urefu wa sentimita 3.5, kwa hiyo vipande vya milimita chache vilitosha. Mwanga tunaouona una nanomita (sehemu za bilioni za mita) 400 hadi 700. Vipande vinapaswa kuwa vidogo kuliko hapo, na metali nayo huumeza.

Njia nyepesi ni ya lenzi nne, iliyoonyeshwa na Chuo Kikuu cha Rochester mwaka 2014. Chukua lenzi mbinuko mbili za fokasi (umbali ambao lenzi hukusanya mwanga) ya milimita 200 na mbili za 75. Zipange mstari mmoja: 200, 75, 75, 200. Kati ya ya kwanza na ya pili acha milimita 275, katikati 330, mwisho 275 tena. Ukikosea nafasi, picha ya nyuma hukua, hupungua au hufifia. Lenzi za bei rahisi huacha kingo zenye rangi. Kosa la wengi ni kuingiza kidole katikati kabisa. Hapo ndipo mwanga unapopita. Kinachofichika ni kilichouzunguka mstari huo, na mtazamaji asisogee sana pembeni.

Nguo ya kujificha bado iko mbali. Matumizi ya karibu ni ya redio: mlingoti ulio mbele ya antena ya rada ya meli huacha pembe kipofu, na rada nyingi za meli hufanya kazi karibu na gigahezi 9.4, kwa hiyo ufinyu wa masafa hapo hausumbui sana.