Bei ya trei isikudanganye: hesabu ya mayai, kuku na ng'ombe

Kazi yangu ni kuwashauri wafugaji juu ya biashara ya mifugo, na kila bei ya mayai inapopanda swali linalonifikia ni moja: niongeze vifaranga wangapi? Swali hilo hunitia wasiwasi kuliko malalamiko ya bei kushuka. Anayelalamika kwamba bei imeshuka tayari anaiona hasara yake. Anayetaka kuongeza kuku kwa sababu trei imepanda haioni bado, maana hasara hiyo iko miezi sita mbele yake.

Tazama kalenda ya kuku wa mayai. Yai hukaa siku 21 kwenye mashine ya kutotolea. Kifaranga huanza kutaga akiwa na wiki 18 hadi 20, na kundi hufika kileleni mwa utagaji karibu wiki ya 28. Kwa hiyo anayeagiza vifaranga leo atauza trei zake kwa wingi baada ya nusu mwaka na zaidi, wakati bei iliyomvutia imeshasahaulika. Tena hakuagiza peke yake. Wote walioiona bei ile waliagiza majuma yale yale, na wote watakutana sokoni mwezi mmoja. Mlaji naye hali mayai maradufu eti kwa kuwa yameshuka bei kidogo, ndiyo maana ziada ndogo tu huangusha bei vibaya. Wengine wakishindwa wanauza kuku, mayai yanaadimika, bei inapanda, na mzunguko unaanza upya. Mwanauchumi Mordecai Ezekiel aliichambua hali hii katika makala ya mwaka 1938, akiifananisha na utando wa buibui.

Basi ukitaka kujua bei ya mayai itakavyokuwa, usiulize muuza mayai. Muulize wakala wa vifaranga foleni yake ina urefu gani. Akikwambia usubiri wiki nyingi ndipo upate vifaranga wa kutaga, jua kwamba soko la baadaye linajazwa sasa hivi. Akikwambia ana vifaranga wanaokosa wanunuzi na anakuomba uchukue, hapo ndipo mimi humwambia mfugaji mwenye mtaji afikirie kuagiza. Ni ushauri mgumu kuupokea, kwa sababu siku hizo kila jirani anafunga banda.

Hata magonjwa yanafuata kalenda hiyo hiyo. Mwaka 2022 mafua makali ya ndege yalisababisha kufa au kuuawa kwa kuku wa mayai zaidi ya milioni 40 nchini Marekani, na bei ya mayai ikapaa. Waliofaidika ni wale ambao kuku wao walikuwa wanataga tayari na hawakufikiwa na ugonjwa. Kupanda kwa namna hiyo kunamfaa mwenye banda safi, lililofungwa kwa wageni na ndege wa porini, kuliko mwenye banda jipya.

Sasa nije kwenye hesabu ninayoiamini zaidi. Acha kupima bei ya trei kwa fedha; ipime kwa mfuko wa chakula. Chakula peke yake hubeba sehemu kubwa ya gharama ya kufuga kuku, kwa kawaida asilimia 60 hadi 70. Kuku wa mayai aliyekomaa hula gramu 110 hadi 120 kwa siku. Kuku mia moja basi hula karibu kilo 11.5, na mfuko wa kilo 50 unawatosha siku nne na kidogo. Wakitaga kwa asilimia 80, yaani mayai 80 kwa siku, mfuko huo unarudi ukiwa mayai kama 348, yaani trei 11 na nusu. Wakishuka hadi asilimia 60, unarudi na mayai 261, trei 8 na mayai 21.

Tuseme huko uliko mfuko unanunuliwa kwa thamani ya trei 8. Kundi la kwanza linakuachia trei tatu na nusu za kulipia dawa, chanjo, maranda, mfanyakazi na gharama ya kulea vifaranga hadi walipoanza kutaga. Kundi la pili linakuachia mayai 21. Bei ya trei ni moja, soko ni moja, lakini mfugaji wa pili anamfanyia kazi muuza chakula. Kwa hiyo mtu akiniambia soko ni baya, kwanza namwomba daftari la utagaji. Asiye na daftari hawezi kujua kama tatizo liko sokoni au bandani, na mara nyingi huwa yote mawili.

Kundi lililozeeka lina mtego wake. Mayai yanakuwa makubwa, mfugaji anafurahi, lakini ganda linakuwa dhaifu na yanayopasuka njiani yanaongezeka. Akisubiri bei ya mayai ianguke ndipo awauze kuku waliochoka, atawakuta wenzake wote wameleta wa kwao sokoni siku hizo hizo. Kuku wa kutolewa watolewe mayai yakiwa bado na bei.

Kuku wa nyama sitakaa nao sana, kwa sababu shida yao ni moja na inajulikana: hawasubiri. Kundi linalotunzwa vizuri hubadili kilo 1.6 hadi 2 za chakula kuwa kilo moja ya uzito hai, na ndani ya wiki tano au sita wako tayari. Baada ya hapo wanaendelea kula sana, lakini kila kilo ya uzito inayoongezeka inadai chakula kingi kuliko iliyotangulia. Mnunuzi analijua hilo. Anajua kwamba kila siku anayochelewa inakubana wewe, haimbani yeye. Bei ya kuku wa nyama ijadiliwe kabla vifaranga hawajaingia bandani, na kama huna mnunuzi wala friji, punguza idadi ya vifaranga.

Ng'ombe ni habari nyingine kabisa. Mimba yake huchukua takriban siku 283, na mtamba huchukua miaka miwili au mitatu mpaka azae mara ya kwanza. Bei ya ng'ombe ikipanda, mfugaji mwenye akili hawauzi mitamba wake, anawabakiza wazae. Matokeo yake ng'ombe wanaofika mnadani wanapungua na bei inazidi kupanda. Ukame ukija mambo yanageuka: wote wanauza kwa pamoja, mitamba nao wamo, bei inaporomoka, na maumivu yenyewe yanaonekana miaka baadaye wakati hakuna wa kuzaa. Baada ya ukame wa miaka ya 2011 hadi 2013, Marekani ilianza mwaka 2014 ikiwa na ng'ombe wachache kuliko mwaka wowote tangu 1951, na mwaka huo bei ilifika juu sana. Aliyekuwa amelinda majike yake machache mazuri alivuna. Ndiyo maana dalili za ukame zikianza nasema uza mapema, na uanze na majike wasioshika mimba, wazee na madume ya ziada, wakiwa bado na mwili.

Kinachoniuma zaidi ni kuuza kwa macho. Dalali anaona ng'ombe kila siku. Mfugaji anauza mmoja mmoja, tena mara nyingi akiwa na shida ya fedha. Kama hakuna mzani, utepe wa kupimia unatosha kukupa makadirio. Pima kwa sentimita mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, kisha urefu kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa matako. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, kisha kwa urefu, ugawanye kwa 10,838. Ng'ombe mwenye mzunguko wa 160 na urefu wa 130 anakaribia kilo 307. Akichinjwa, ng'ombe wa malisho hutoa takriban nusu ya uzito huo kama nyama pamoja na mifupa, na aliyenoneshwa vizuri anaweza kukaribia asilimia 60.

Lakini uzito huo ni wa nyumbani. Akisafirishwa bila maji wala malisho, upungufu wa asilimia 5 ni jambo la kawaida, nao kwa ng'ombe huyu ni kilo 15. Kwa hiyo kabla hajapanda gari, kubalianeni mnapatana kwa uzito upi: wa nyumbani, wa mnadani, au wa nyama machinjioni. Ikiwa ni wa machinjioni, uliza nyama itapimwa ikiwa ya moto au ikishapoa, maana ikipoa hupungua tena. Na uliza pia mkaguzi akilitupa ini lenye minyoo, hasara hiyo itakuwa ya nani.